Kumbukumbu, ukumbusho au kumbukizi: lipi liende kwenye jiwe, lipi kwenye bango

Ikishafika mwisho wa Novemba, kwenye meza yangu ya kuchapia hapa Moshi mjini kuna maneno matatu yasiyopumzika: kumbukumbu, ukumbusho na kumbukizi. Watu wanaanza kupanda nyumbani kwa ajili ya Krismasi, na kila ukoo una jambo la mzee aliyetangulia: misa, kujengea kaburi, kuweka msalaba, flana zenye picha ya babu. Mteja anafika na picha kwenye simu na sentensi isiyokwisha. "Andika hapo juu Kumbukumbu ya... au ni Ukumbusho wa? Wewe unaonaje?"

Swali hilo si dogo. Karatasi ukikosea unachapa nyingine, lakini jiwe la kaburi halifutwi. Ndiyo maana nimeona niyaweke maneno haya ubavu kwa ubavu, nieleze kila moja linakaa wapi na kwa nini, ili mtu afike kwa fundi akiwa ameshaamua.

Yote matatu yametoka kwenye kitenzi kimoja, kukumbuka. Tofauti ya kwanza, na kwangu ndiyo kubwa, imo kwenye sauti moja tu, pale k inapogeuka sh. Amka, amsha. Waka, washa. Anguka, angusha. Kumbuka, kumbusha. Anayekumbuka, jambo linamjia mwenyewe kichwani. Anayekumbusha analipeleka kwenye kichwa cha mwingine. Sasa rudi kwenye majina: kumbukumbu haina sh ndani yake, ukumbusho unayo. Ukishalishika hilo, nusu ya maswali yanayoletwa mezani kwangu yanajijibu.

Kumbukumbu

Kumbukumbu ni kile kilichobaki, popote kilipobaki.

Mahali pa kwanza ni kichwani. Kuna bibi mmoja mtaani kwetu anayeweza kukueleza msimu wa kahawa wa mwaka alioolewa binti yake wa kwanza, nani alisimamia mizani kwenye chama cha ushirika na nani aligombana naye, lakini chai aliyokunywa asubuhi haikumbuki. Wanawe husema, "Kumbukumbu zake za zamani ziko vizuri, za sasa ndizo zinaondoka." Wamesema sawasawa kabisa. Magonjwa ya usahaulifu wa uzeeni, kama ule uliopewa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliyeueleza mwaka 1906, kwa kawaida huanza kula mambo ya karibuni na kuyaacha ya ujanani kwa muda mrefu. Kwa hiyo nawaomba watu watofautishe kusahau na kupoteza kumbukumbu. Aliyeacha ufunguo mezani amesahau. Asiyemtambua tena mwanawe aliyemlea amepoteza kumbukumbu. Kumtupia neno hili la pili mtu aliyesahau kikao tu ni kulipunguzia uzito ambao familia nyingi zinaubeba kweli.

Mahali pa pili ni kwenye karatasi, na hapa ndipo neno hili linapofanya kazi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Fungua barua yoyote ya serikali, juu kushoto au kulia utaona "Kumb. Na." Ndiyo hiyo hiyo kumbukumbu. Ukijibu barua unaandika "Rejea barua yako yenye Kumb. Na." kisha unaweka namba, na mtu wa masjala anakwenda moja kwa moja kwenye faili. Ukilipia ada au maji kwa simu, simu inakudai kumbukumbu namba. Kwenye kikundi cha vikoba kuna mwenyekiti, mweka hazina, na yule anayeandika nani kaweka hisa ngapi na nani kakopa. Huyo ni mtunza kumbukumbu. Wazee walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Serikalini kuna Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na kuna Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002. Wanaofanya kazi hiyo hawayachanganyi maneno hayo mawili. Kumbukumbu ni maandishi ambayo ofisi inayatengeneza na kuyatumia katika shughuli zake. Nyaraka ni yale yaliyochambuliwa na kuwekwa yatunzwe daima kwa ajili ya historia. Mtaani hatuendi mbali hivyo. Sisi nyaraka ni karatasi yoyote rasmi, hati ya kiwanja, cheti cha kuzaliwa. Ukiniletea kazi ya kanisa au ya ukoo, matumizi ya mtaani yanatosha. Ukiniletea kazi ya halmashauri, nitakuuliza mara mbili.

Kwa kikao, chaguo langu ni hili: karatasi moja inayoeleza yaliyosemwa siku ile iite muhtasari wa kikao, na daftari zima la mihtasari, hesabu na barua liite kumbukumbu za kikundi. Ukiandika "kumbukumbu za kikao" hujakosea, utaeleweka. Ila muhtasari unamwambia msomaji kabisa kwamba maneno yamefupishwa, asitegemee kukuta kila kikohozi.

Kuna jambo la ngeli ambalo wateja wa kanisani huniletea kwa uhakika mkubwa. "Andika Kumbukumbu la Baba Yetu, si umeona kwenye Biblia?" Ni kweli, kitabu cha tano cha Musa kinaitwa Kumbukumbu la Torati, na jina hilo tumelipokea hivyo, libaki hivyo. Lakini Kiswahili tunachokisema leo kinasema kumbukumbu hii, kumbukumbu hizi, kumbukumbu ya baba, kumbukumbu za baba. Kwenye jiwe mimi naandika "ya". Mtu akishikilia "la" ninamwandikia, maana jiwe ni lake, lakini kwanza namsomea kwa sauti. Wengi wakilisikia wanageuza wenyewe.

Ukumbusho

Ukumbusho ni kitu kinachosimama badala ya mtu na kukwambia: usisahau. Kina kazi ya kufanya. Jiwe la kaburi ni ukumbusho. Saa ya mkononi aliyoiacha baba ni ukumbusho. Mparachichi uliopandwa kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, siku ya ubatizo wa mtoto ni ukumbusho, na utaendelea kuwa hivyo mtoto akiwa na wajukuu. Katika Injili ya Luka, sura ya 22, Yesu akiwa na mkate mkononi anawaambia wanafunzi wake, "fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu." Mkate huo utawekwa mbele ya watu ambao hawakuwa mezani usiku ule, na ndiyo maana sh ya kumbusha ni ya lazima hapo.

Hiki ndicho kipimo ninachompa mteja: je, unachokiweka kitamsaidia mtu ambaye peke yake asingekumbuka? Kama ndiyo, ni ukumbusho. Kumbukumbu inaweza kukaa ndani yako wewe tu, ukafa nayo. Ukumbusho lazima uonekane, uguswe au usikike na mwingine.

Linganisha sentensi hizi. "Nina kumbukumbu ya mkutano ule": nilikuwepo, au nina maandishi yake. "Nina ukumbusho wa mkutano ule": nina kofia, picha, kalamu waliyotugawia. "Amenipa kumbukumbu" kidogo inakwama masikioni, labda awe amekupa faili. "Amenipa ukumbusho" inateleza yenyewe.

Kipimo hiki hata hivyo kinagonga mwamba kwenye majina makubwa. Uwanja wa mpira wa Arusha unaitwa Uwanja wa Kumbukumbu ya Sheikh Amri Abeid. Kwa hoja yangu mwenyewe uwanja ni kitu, unaonekana, unawakumbusha vijana wasiomjua yule mshairi aliyekuwa waziri na kufariki mwaka 1964, basi ulipaswa kuitwa wa ukumbusho. Dar es Salaam nako kuna Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Katika majina ya taasisi neno kumbukumbu ndilo lililokaa, likibeba maana ya heshima kwa aliyeondoka, na sioni sababu ya kupigana nalo. Kwa hiyo ukianzisha shule, zahanati au kombe la mpira kwa jina la marehemu, fuata njia iliyokwisha kuzoeleka: kumbukumbu ya fulani. Ukiweka jiwe, bamba ukutani, mti au benchi, nakushauri ukumbusho.

(Naongeza kuhusu Sheikh Amri Abeid, kwa kuwa anastahili. Wapo wanaopita uwanjani pale kila wiki bila kujua kwamba mwaka 1954 mtu huyu alichapa kitabu cha sheria za kutunga mashairi ya Kiswahili ambacho washairi wanakirejea mpaka leo. Bamba moja langoni lenye mistari miwili juu yake lingekuwa ukumbusho wa kweli.)

Kumbukizi

Hili ni neno la siku. Kumbukizi ni tukio la kukumbuka, lina tarehe, lina watu waliokusanyika. Redioni utalisikia sana kila Oktoba 14 inapofika, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere mwaka 1999. Huku kwetu kaskazini tunalisikia pia Aprili 12, siku Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1984. Mwaka 2024 ilipotimia miaka 40, watu walikwenda Monduli Juu alikozikwa, na tangazo lilikuwa la kumbukizi. Hapo kumbukizi limekaa mahali pake: kaburi lipo mwaka mzima, lakini kumbukizi huja, huondoka, hurudi.

Kumbukizi na maadhimisho nayo huchanganywa. Maadhimisho yana shangwe na gwaride: maadhimisho ya Uhuru, maadhimisho ya Siku ya Wanawake. Kumbukizi ina utulivu. Unaweza kusema kumbukizi ya kuzaliwa kwa mtu aliye hai, na watu husema hivyo, lakini hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo bado linaniuma.

Familia moja iliniagiza bango la mzee wao aliyetimiza miaka 80. Karatasi yao iliandikwa "Kumbukizi ya kuzaliwa kwa Mzee wetu", mstari mrefu. Bango halikuwa na nafasi, nikapunguza herufi, nikabakisha "KUMBUKIZI YA MZEE WETU", chini yake picha, chini yake miaka: 80. Lilifungwa njia panda asubuhi. Kabla ya saa nne mama mmoja aliyesoma na mzee huyo alifika nyumbani kwake analia, amevaa khanga mbili, amebeba sukari ya msiba. Mzee mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango. Walikaa chini wote wawili, hawakuweza kusema kwa muda. Niliposimuliwa nilikwenda kuomba radhi nikiwa na bango jipya, na tangu siku hiyo kwa mtu aliye hai siandiki kumbukizi bila "kuzaliwa" kando yake kwa herufi za ukubwa ule ule. Afadhali zaidi uandike "Shukrani kwa miaka 80". Hilo halimtii mtu hofu.

Kwa marehemu kumbukizi ni neno zuri, la heshima. Misa ya kila mwaka, mkusanyiko wa ukoo Desemba, mashindano ya kwaya kwa jina la mwalimu aliyeianzisha: kumbukizi. Tangazo la gazetini au redioni la "ni miaka kumi leo tangu ututoke" huandikwa Kumbukumbu, na mazoea hayo nayaacha yalivyo, kwa kuwa lile tangazo ni maneno ya familia kueleza kilichobaki mioyoni mwao, hawamwiti mtu kuja popote.

Mahali yanapokutana yote matatu

Mtu akiniambia bado hajaelewa, namchukua kwa maneno mpaka Old Moshi. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga huko Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa pale, pamoja na viongozi wengine. Mti ambao wenyeji humwonyesha mgeni, wakimwambia hapa ndipo, ni ukumbusho. Tarehe 2 Machi watu wanapokusanyika kwa ajili yake, ni kumbukizi. Yale wazee waliyowasimulia watoto wao kuhusu siku ile, na yale Wajerumani waliyoyaandika kwenye madaftari yao, ni kumbukumbu, za pande mbili zisizolingana.

Fuvu la Mangi Meli, ambalo inaaminika lilipelekwa Ujerumani, limetafutwa huko na ukoo wake kwa miaka mingi. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza kwamba vinasaba vya mafuvu machache yaliyokuwa yamehifadhiwa kule vimeoana na vya watu walio hai Tanzania. Fikiria mafuvu hayo yalikaa zaidi ya miaka mia yakiwa na namba, yameorodheshwa vizuri. Kumbukumbu za ofisi zilikuwepo. Kilichokosekana ni jina la mtu, na ndugu wa kumlilia. Nikiandika neno kumbukumbu kwenye kazi ya mteja huwa nakumbuka hilo, kwamba unaweza kuwa na kumbukumbu kabatini bila kumkumbuka mtu yeyote.

Makumbusho ni jambo la haraka: ni nyumba au eneo la kuhifadhi vitu vya kukumbusha. Ni ya ngeli ya ma, makumbusho haya, na umoja wake, kumbusho, karibu hausikiki. Arusha yapo mawili ya kufika kwa miguu kutoka katikati ya mji, ya Elimu Viumbe kwenye boma la Wajerumani, na ya Azimio la Arusha, pale Kaloleni ambapo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 1967. Kaburi la familia usiliite makumbusho hata likijengwa kwa marumaru.

Kukumbushia ni neno la kudai kwa adabu. "Nimekuja kukumbushia lile jambo letu" maana yake deni halijasahauliwa. Kwenye barua kichwa kinakuwa "YAH: KUKUMBUSHWA DENI". Usiandike ukumbusho wa deni, inasikika kama unalijengea mnara.

Na kwa wanaonitaka niwaandikie kadi: angalia wakati wa kitenzi. "Nakukumbuka" inaweza kuwa tu nakutambua, tulisoma wote. "Nimekukumbuka" ina hamu ndani yake, mtu yuko mbali na moyo unamtaka. Kijana aliyeko machimboni Mererani akimwandikia mama yake Rombo, aandike nimekukumbuka mama. Na mama akimjibu "usiache kunikumbuka", kijana ajue hapo ameombwa pia hela ya unga.

Mwaka jana wiki moja kabla ya Krismasi alikuja mama mmoja wa Kibosho na wajukuu wawili. Nikamsalimu, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Watoto wake walikuwa wameshanitumia maneno ya jiwe la marehemu mumewe: Kumbukumbu ya Baba Yetu Mpendwa. Fundi wa mawe tunayefanya naye kazi anatoza kwa herufi, kwa hiyo huwa nahesabu mbele ya mteja. Kumbukumbu, herufi 10. Ukumbusho, herufi 9. Nikamwambia tofauti ya bei ni ndogo, asiitazame, achague analolitaka.

Akauliza tofauti ya maneno yenyewe. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, kwa ufupi zaidi. Alikaa kimya, akamtazama mjukuu mdogo aliyekuwa anacheza na vipande vya karatasi chini ya meza.

"Mimi mwanangu sihitaji mtu wa kunikumbusha huyu baba," akasema. "Nimeishi naye miaka arobaini na sita. Na wanangu wanamkumbuka, wamelelewa naye. Lakini hawa hawakumkuta." Akaniuliza kama jiwe linaweza kusomwa na mtoto wa darasa la pili. Nikasema herufi zikiwa kubwa, ndiyo.

"Basi andika Ukumbusho. Na uzifanye kubwa."

Nikachapa mfano kwenye karatasi ili aone. Yule mdogo akatoka chini ya meza, akaweka kidole kwenye U, akaanza kuvuta silabi moja moja, akafika mwisho, kidole kikashuka mpaka kwenye jina.

"Bibi, huyu nani?"

Bibi akavuta kiti.